Nyumba Yenye Makaratasi Mazuri: Kisa cha Kukagua Ubora wa Matunzo

Kisa hiki ni cha nyumba moja katika mji mdogo wa Uingereza, ambamo watu wazima wanne wenye ulemavu wa akili walikuwa wakiishi kwa usaidizi wa wahudumu usiku na mchana. Wakati huo nilikuwa katika timu ya halmashauri inayokagua ubora wa huduma ambazo halmashauri yenyewe inazilipia. Nimeondoa jina la mji, la kampuni, umri wa wahusika na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu. Nimekiandika kwa ajili ya ndugu zetu wengi wanaofanya kazi ya matunzo huko, na pia kwa wale wanaoanza kupanga huduma za namna hii nyumbani, kwa sababu nyumba ile ilikuwa imepata alama nzuri katika kila ukaguzi uliotangulia huku mmoja wa wakazi wake akiishi siku tupu.

Usuli

Makazi yenye usaidizi ni tofauti na kituo cha kulelea watu. Kila mkazi ni mpangaji mwenye mkataba wake na mwenye nyumba. Kampuni inayotoa matunzo ni chombo kingine kabisa, na haina haki ya kumhamisha mtu kwa sababu tu imechoka kumhudumia. Halmashauri hulipia saa. Zipo saa za pamoja, ambazo mhudumu huwaangalia wote waliomo, na zipo saa za mtu binafsi, ambazo mhudumu anakuwa na mpangaji mmoja tu kwa shughuli zake. Tofauti hiyo ndiyo roho ya kisa hiki, nitairudia.

Msimamizi wa kitaifa kwa upande wa Uingereza yenyewe, yaani bila Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini, ni tume ya ubora wa matunzo iitwayo CQC. Huuliza maswali matano: je, huduma ni salama, ina matokeo, ina utu, inamjibu mtu kwa mahitaji yake, na inaongozwa vizuri? Ila CQC husimamia matunzo ya mwili. Nyumba haimo katika mamlaka yake. Na kwa kuwa kinachosajiliwa ni ofisi ya kampuni, daraja moja huweza kufunika nyumba nyingi zilizo chini ya ofisi hiyo, ambazo kati yake ni chache tu zilizotembelewa. Familia ikisoma kwamba kampuni ina daraja la "nzuri", haijajua bado kama nyumba ya ndugu yao ilikanyagwa na mkaguzi.

Wapangaji wanne

Bwana A hazungumzi kwa maneno. Ana kifafa, anapenda maji kuliko kitu chochote duniani, na alikuwa analipiwa saa 35 binafsi kwa wiki, juu ya saa za pamoja. Bi B ana hali ya Down, na dalili za usahaulifu wa uzeeni zilikuwa zimeanza. Mtaalamu wa usemi na umezaji alikuwa ameagiza chakula chake kisagwe hadi ngazi ya 5 katika kipimo cha kimataifa cha IDDSI, ambacho kwa mtu mzima maana yake ni punje zisizozidi upana wa milimita 4, laini na zenye unyevu. Bwana C ana usonji na alikuwa amekaa miaka mingi hospitalini. Ni mmoja wa wale walioletwa kwenye jamii kutokana na msukumo uliofuata kashfa ya mwaka 2011 ya Winterbourne View, hospitali ambamo wahudumu walinaswa wakiwatesa wagonjwa wenye ulemavu wa akili, ingawa yeye hakutoka katika hospitali hiyo. Bi D anajitegemea kwa mengi. Anafanya kazi ya kujitolea dukani, anasoma kidogo, na hakuna jambo la nyumba ile asilolijua.

Dalili za mwanzo

Kampuni ilikuwa ikijikagua yenyewe kila robo mwaka, na alama zilikuwa juu. Afisa ustawi wa jamii aliyefanya mapitio ya mwaka ya Bwana A aliyafanya kwa simu, akizungumza na meneja. Kisha dada yake Bwana A akatupigia. Hakuwa na lawama kubwa. Alisema kaka yake ameongezeka uzito, anakuwa mzito wa kuamka kwenye kiti, na alipofungua kabati lake alikuta bukta ya kuogelea aliyomnunulia mwanzoni mwa mwaka ingali na karatasi ya bei. Kila alipouliza, wahudumu walimwambia kaka yake anakwenda bwawani kila wiki.

Watu wengi wangeichukua simu hiyo kuwa ni malalamiko madogo. Msimamizi wangu aliichukua kwa uzito wote, kwa sababu hiyo karatasi ya bei haikuandikwa na mtu yeyote mwenye maslahi.

Kuingia katika nyumba ya mtu

Swali la kwanza lilikuwa namna ya kuingia. Ukipiga hodi bila taarifa unaona hali halisi. Lakini pale ni nyumbani kwa watu, na hata wakaguzi wa CQC wanahitaji ridhaa ya wenyeji kabla ya kuingia mlangoni. Mwenzangu mmoja alipendekeza tutoe taarifa kamili ya siku na saa, kama ilivyokuwa desturi. Mwingine alitaka tufike ghafla Jumapili jioni.

Tuliamua njia ya kati. Wapangaji waliandikiwa barua fupi yenye picha zetu na sentensi nyepesi, wakaambiwa wiki, siyo saa. Bi D alikubali mwenyewe, tena akauliza kama tutakula nao. Kwa Bwana A na Bi B, ambao hawakuweza kuupima uamuzi huo, tulifuata Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya mwaka 2005. Tuliwahusisha dada yake A na mtetezi huru wa Bi B, tukaamua kwa masilahi yao, na tukaweka sharti kwamba mmoja wao akionyesha kukerwa na uwepo wetu tutatoka. Bwana C alikubali kwa masharti yake: tusiingie chumbani kwake na tusimwangalie usoni. Tulitii.

Tulichokiona

Tulikwenda jioni ya siku ya kazi, saa kumi, saa ambayo meneja huwa anajiandaa kuondoka. Ofisini, ghorofani, mafaili yalikuwa kamili: mipango ya matunzo, tathmini za hatari, vyeti vya mafunzo, saini kila ukurasa. Sikuyafungua siku ile. Nilikaa sebuleni na daftari, nikaandika kila baada ya dakika tano Bwana A yuko katika hali gani na nani kamgusa, kamsemesha au kampita.

Kwa saa mbili alikaa akitazama dirishani. Alisemeshwa mara tatu, na zote tatu zilikuwa za kazi: simama nifute kiti, fungua mdomo unywe dawa, inua miguu. Hakuna aliyemtukana wala kumburuza. Wahudumu walikuwa watu wapole, waliochoka, waliokuwa wawili mahali ambapo ratiba ya zamu ilisema watatu. Mmoja alikuwa amefungwa muda wote na Bwana C. Mwingine alikuwa anapika, anafua na kujaza kumbukumbu kwenye simu. Nilipoisoma baadaye kumbukumbu ya jioni ile, iliandikwa: "Ameshinda vizuri, amefurahia muda wake sebuleni."

Ukitaka kufundisha mkaguzi mpya jambo moja tu, mfundishe kukaa. Katika huduma ya watu wasiosema, kiti cha sebuleni kinatoa ushahidi ambao ofisi haiwezi kuutoa.

Chakula cha jioni kilileta hatari ya wazi. Mhudumu wa wakala, yaani aliyekodiwa kwa muda kuziba pengo, na aliyekuwa na zamu yake ya pili tu pale, alimwekea Bi B soseji iliyokatwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Ukutani jikoni kulikuwa na karatasi ya zamani iliyosema "chakula laini". Agizo jipya la ngazi ya 5 lilikuwa ndani ya faili, ghorofani, likiwa na saini kumi na kitu za wafanyakazi waliothibitisha kulisoma. Wengi wa hao walikuwa wameshaacha kazi. Tuliisimamisha sahani ile palepale, chakula kikasagwa, na jioni hiyohiyo taarifa ya ulinzi wa mtu aliye hatarini ikapelekwa halmashauri chini ya kifungu cha 42 cha Sheria ya Matunzo ya mwaka 2014. Mtu mwenye shida ya kumeza anaweza kukabwa akafa katika muda wa kupika chai. Jambo kama hilo halingoji ripoti.

Bi D ndiye aliyetuonyesha la tatu. Alisimama mbele ya mlango wa jikoni akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la kawaida, kwamba usiku hanywi chai kwa sababu mlango hufungwa. Ulikuwa ukifungwa ili Bwana C asile vyakula vibichi. Sababu yake ilieleweka. Lakini Bi D ana mkataba wa upangaji na akili timamu ya kuamua kuhusu chai yake, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Kwa upande wa C na A, ambao walikuwa chini ya uangalizi wa muda wote na hawakuwa huru kuondoka, hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2014 katika kesi ya Cheshire West ilikuwa imeeleza wazi kwamba hali hiyo ni kunyimwa uhuru. Katika makazi yenye usaidizi kibali chake hutoka katika Mahakama ya Ulinzi, ile inayoamua mambo ya watu wasioweza kujiamulia, kwa kuwa utaratibu mwepesi unaotumika hospitalini na katika vituo vya matunzo haufiki huku. Hakuna ombi lililokuwa limepelekwa, na wa kulipeleka tulikuwa sisi halmashauri.

Kufuata saa

Kazi iliyochukua nguvu zaidi ilifanyika mezani. Tulichukua wiki nne za nyuma na kuweka pamoja vitu vitano: ankara ambazo kampuni ilitutumia, ratiba ya zamu, kumbukumbu za kila siku, daftari la fedha ndogondogo za kila mpangaji, na kitabu cha kilomita za gari la nyumba. Kila kimoja peke yake kilikuwa safi. Vilipokaa pamoja vikaanza kukanushana.

Ankara zilisema Bwana A amepata saa 140 binafsi katika wiki hizo nne. Saa tulizoweza kuzithibitisha kwa angalau vyanzo viwili zilikuwa 49. Kumbukumbu zilisema ameogelea mara nne. Katika daftari lake la fedha hapakuwa na kiingilio hata kimoja, gari halikuwa limetoka katika siku mbili kati ya hizo, na wiki moja bwawa la mji lilikuwa limefungwa kwa matengenezo. Sentensi ya "ameamka vizuri, amekula vizuri, ameshinda vizuri" ilijirudia neno kwa neno kwa siku nyingi mfululizo, pamoja na kosa lake la tahajia. Programu ya simu ilimruhusu mhudumu kunakili maelezo ya jana kwa kubonyeza mara moja.

Sidhani kama mhudumu yeyote alikaa akapanga kutuibia. Kilichotokea ni kwamba kila zamu ilipopungukiwa mtu, saa binafsi za asiyeweza kulalamika ndizo zilizoliwa kwanza. Bi D angelalamika, kwa hiyo alipelekwa dukani. Bwana C angepiga kelele, kwa hiyo alipewa mtu. Bwana A alikaa kimya.

Dawa za Bwana C zilisimulia upande wa pili wa upungufu huo. Alikuwa na dawa ya kutuliza inayotolewa pale tu inapohitajika. Katika mwezi mmoja alipewa mara 11, na mara 9 kati ya hizo zilikuwa katika zamu zilizopungua mtu au zilizojazwa na mgeni wa wakala. Maelekezo yalisema apewe "akiwa na fadhaa", bila kueleza fadhaa yake inaonekanaje wala nini kijaribiwe kabla ya kidonge. Tangu mwaka 2016 huduma ya afya ya taifa imekuwa na kampeni iitwayo STOMP, ya kuzuia matumizi ya dawa za akili yasiyo ya lazima kwa watu wenye ulemavu wa akili na usonji. Bango la kampeni hiyo lilikuwa limebandikwa ofisini.

Mhudumu wa zamu ya usiku

Miongoni mwa tuliozungumza nao alikuwamo mwanamke mmoja kutoka Afrika Mashariki. Alikuja kwa viza ya kazi ya matunzo, ile njia iliyofunguliwa kwa wahudumu mwezi Februari 2022 na kufungwa kwa waajiriwa wapya wa kutoka nje mwezi Julai 2025. Aliposikia lafudhi yangu alinisalimu kwa Kiswahili, na baada ya salamu akaanza kueleza. Nilimkatiza nikamwambia, "Dada, kabla hujaendelea, fahamu kwamba siwezi kukuahidi siri. Nikisikia mtu yuko hatarini ni lazima niandike." Alinyamaza muda mrefu. Viza yake ilimfunga kwa mwajiri huyo; ajira ikikatika, kwa kawaida mtu hubaki na siku 60 za kupata mwajiri mwingine mwenye leseni au kuondoka nchini.

Tulimweleza kwamba sheria ya mwaka 1998 ya kufichua maovu kwa masilahi ya umma inamlinda mfanyakazi, na tukamweleza pia, kwa ukweli, kwamba ulinzi huo hauongezi siku kwenye viza. Tulimuunganisha na chama cha wafanyakazi. Siku chache baadaye aliomba mwenyewe kuhojiwa rasmi, kwa Kiingereza, akiwa na mwakilishi wa chama. Alisema tunalipia wahudumu wawili wa kukesha, na kwamba kwa miezi kadhaa amekuwa akikesha peke yake huku mwenzake akilala. Wapangaji wawili walikuwa wa kugeuzwa kitandani, na mmoja ana kifafa. Bila mama huyu tusingejua habari za usiku, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyekuwa pale saa nane za usiku.

Maamuzi na sababu zake

La chakula na la jikoni yalitekelezwa mara moja. Karatasi ya zamani iliondolewa, picha za sahani sahihi zikabandikwa mahali anapokatia mpishi, na vyakula vya hatari vikahamishiwa kabati moja lenye kufuli ili mlango wa jikoni ubaki wazi. CQC walijulishwa. Tulisimamisha kupeleka watu wapya kwa kampuni hiyo.

Uamuzi mgumu ulikuwa kama tuiondoe kampuni. Kwa kuwa upangaji na matunzo ni mikataba miwili, tungeweza kubadilisha kampuni bila mtu yeyote kuhama kitandani kwake. Dada yake A alitaka hivyo, na hasira yake ilikuwa ya haki. Hata hivyo wahudumu wawili wa siku nyingi walikuwa wanajua namna Bwana A anavyokunja mkono wake wa kushoto kabla ya kifafa kumjia. Elimu hiyo haikuwa imeandikwa popote. Tuliipa kampuni miezi sita, kwa masharti: meneja mpya wa nyumba hiyo peke yake, malipo kwa saa zilizothibitishwa tu, wahudumu wa wakala wasizidi mmoja kwa zamu, na mambo wanayoyajua wale wawili yaandikwe na kurekodiwa kwa video.

Matokeo

Bwana A alirudi bwawani. Daktari alimfanyia uchunguzi wa afya wa mwaka, ambao kila mwenye ulemavu wa akili kuanzia miaka 14 anastahili, na ambao kwake ulikuwa umerukwa. Akagundulika na choo kigumu cha muda mrefu, tatizo ambalo kwa watu hawa huua na ambalo linaweza kuwa lilichangia uzito wake wa kuamka. Daktari wa akili alipunguza dawa za Bwana C polepole, na matumizi ya ile ya kutuliza yakashuka hadi mara moja au mbili kwa mwezi. Fedha za saa zisizotolewa zilirudishwa halmashauri. Bwana A hakurudishiwa chochote, maana saa zake hazikuwa na pa kurudi.

Bi B alihamishiwa kwenye kituo chenye wauguzi kabla miezi sita haijaisha. Wengine kwenye timu waliona ni lazima kutokana na kuzidi kwa usahaulifu. Mimi bado naona nyumba ile, kama ingekuwa na watu wa kutosha usiku, ingeweza kumbakiza muda zaidi karibu na Bi D, aliyekaa naye miaka yote hiyo.

Yaliyofaa na yaliyoshindwa

Kilichofaa zaidi ni kulinganisha vyanzo ambavyo havikuandikwa kwa ajili ya mkaguzi. Kitabu cha kilomita, daftari la kiingilio, tangazo la bwawa, bukta yenye bei: hakuna aliyeviandaa ili atufurahishe. Mpango wa matunzo huandikwa ukijua utasomwa. Kilifaa pia kumsikiliza Bi D kama shahidi kamili. Wakaguzi waliotangulia walimuuliza kama anafurahia huduma, akajibu ndiyo, wakaondoka. Sisi tulimwomba atutembeze nyumbani kwake, naye akatupeleka moja kwa moja kwenye mlango uliofungwa.

Kilichoshindwa kilianzia kwetu wenye fedha. Halmashauri ililipa kwa mujibu wa mpango, bila kuuliza saa zimetolewa au la, na kwa mfumo huo kampuni ilipata faida zaidi kadiri Bwana A alivyoshinda kwenye kiti. Mapitio kwa simu, yaliyofanywa na mtu asiyemwona mpangaji, hayakuwa mapitio. Fomu ya ukaguzi wa kampuni ilitoa alama kwa kuwapo kwa hati. Agizo la chakula cha Bi B lilipewa alama kamili kwa sababu lilikuwapo na lilikuwa na saini, huku soseji ikiwa mezani.

Ukaguzi wetu wenyewe nao ulikuwa na upungufu mkubwa. Maoni ya Bwana A mwenyewe tuliyapata kupitia mwili wake tu: alivyokaa, alivyogeuka mlango ulipofunguliwa. Mtaalamu wa mawasiliano aliitwa mwishoni, baada ya maamuzi makubwa kufanyika. Angepaswa kuwa nasi siku ya kwanza.

Miezi kumi na miwili baada ya ukaguzi, meneja mpya alipandishwa cheo akahamishwa, na idadi ya wahudumu wa wakala ikaanza kupanda tena. Safari hii ilionekana mapema, kwa sababu ankara sasa huja na orodha ya saa za kila mpangaji na mahali alipokuwa, na dada yake A hupokea nakala yake kila mwezi. Maombi mawili ya Mahakama ya Ulinzi, la A na la C, yalikuwa yamepelekwa, na wakati ninaondoka katika timu ile yalikuwa bado hayajasikilizwa.